Anakula Makombo Tu, Kanenepaje? Kuuelewa Unene wa Mbwa na Paka wa Dar

Kila video ya paka bonge inapozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, wachangiaji hugawanyika. Wapo wanaocheka. Wapo wanaompongeza mwenye paka kwa matunzo mazuri. Siku hizi wapo pia wanaoandika kwa herufi kubwa kwamba huyo ni mgonjwa, apelekwe kwa daktari. Katikati ya kelele hizo huulizwa swali moja la maana ambalo mara nyingi hupita bila kujibiwa: mbwa wa Goba au paka wa Ilala ambaye hajawahi kuonja chakula cha mfuko kutoka supamaketi, anayekula ugali, dagaa na makombo ya nyumbani, ananenepaje? Si tuliambiwa unene ni shida ya mbwa wa Masaki, mtaa wa wenye fedha?

Si ya Masaki peke yake. Na makombo si kinga. Katika nyumba nyingi za jiji hili makombo ndiyo chanzo chenyewe. Lakini tuanze na nani hasa anaitwa mnene, maana hata hapo watu hawaelewani.

Mnene ni yupi?

Madaktari wa mifugo hutofautisha hatua mbili. Mnyama aliyepita uzito unaomfaa kwa asilimia 10 hadi 20 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi. Akivuka asilimia 20, huyo ni mnene kwa maana ya kitabibu: mafuta yameshakuwa mengi kiasi cha kumharibia afya. Mbwa anayepaswa kuwa na kilo 25, akifika 28 amezidi. Akifika 30 yupo mlangoni mwa unene. Paka anayepaswa kuwa na kilo 4 na nusu akawa na 6 ameongeza theluthi nzima ya mwili wake, ingawa mwenye nyumba atakwambia kaongezeka kilo moja na kitu tu.

Shida ya kutegemea kilo ni kwamba mbwa wetu wengi ni wa kienyeji au chotara. Hakuna jedwali litakalokwambia mtoto wa mbwa aliyezaliwa Kimara, nusu German Shepherd nusu asiyejulikana, anatakiwa kuwa na kilo ngapi. Kwa hiyo daktari huupa mwili alama, kuanzia 1 hadi 9. Moja ni mifupa mitupu, tisa ni mafuta matupu. Mbwa anatakiwa awe kwenye 4 au 5, paka kwenye 5. Ukifika 6 na 7 uzito umezidi, 8 na 9 ni unene.

Alama hizo hutolewa kwa kutazama na kwa kupapasa, na jambo hilo unaweza kulifanya mwenyewe leo jioni. Kunja ngumi, kisha pitisha kidole cha mkono wa pili juu ya vifundo vilivyochomoza. Mbavu za mbwa wako zikigusika hivyo, amekonda. Sasa nyosha mkono, upitishe kidole kwenye mgongo wa kiganja: mifupa unaipata bila kubonyeza, juu yake kuna utando mwembamba. Mbavu zinatakiwa ziwe hivyo. Geuza kiganja, gusa pale vidole vinapoanzia kwa ndani: unajua mfupa upo, ila mpaka ubonyeze. Mbavu zikifichika namna hiyo, mafuta yamezidi. Baada ya hapo simama, umtazame mnyama kutoka juu. Nyuma ya mbavu pawe na kiuno. Mtazame kwa ubavu; tumbo la mbwa lipande kidogo kuelekea miguu ya nyuma, lisiende sambamba na sakafu.

Macho peke yake yanadanganya, hasa kwa mbwa wa manyoya mengi kama Japanese Spitz. Yanadanganya pia kwa paka. Paka wengi, hata wembamba, wana ngozi iliyolegea chini ya tumbo ambayo huyumba wakitembea. Ni maumbile yao. Papasa mbavu kwanza kabla hujamwita bonge.

Na si kila tumbo kubwa ni unene. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo lililojaa na mbavu zinazohesabika ana minyoo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kumpunguzia huyo chakula ni kumwonea. Mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi anaweza kuwa na mimba, au usaha kwenye mfuko wa uzazi, ambao huua haraka. Mbwa mkubwa ambaye tumbo limejaa ghafla ndani ya siku chache huenda ana maji tumboni. Mafuta hayaji ghafla. Yanakuja kidogo kidogo, ndiyo maana mwenye nyumba huwa wa mwisho kuyaona.

Hesabu ya kalori, bila kuogopa hesabu

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula. Mwili hutumia nguvu hiyo kupumua, kusukuma damu, kutembea, kubweka. Isiyotumika haipotei. Fikiria mita ya LUKU: umenunua yuniti 50 mwezi huu ukatumia 40, zile 10 zimebaki, mwezi ujao unaziongezea nyingine. Tofauti ni kwamba mwili hauhifadhi yuniti kwenye mita. Unazihifadhi kama mafuta, chini ya ngozi na kuzunguka utumbo na figo. Ziada ya kila siku inaweza kuwa ndogo sana, kijiko tu, na baada ya mwaka mmoja mbwa haingii tena kwenye mlango wa banda lake bila kujibana.

Sasa angalia ukubwa wa hawa viumbe. Paka wa kilo 4 aliyehasiwa na anayelala ndani anahitaji kama kalori 200 hadi 250 kwa siku nzima. Nusu glasi ya maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta ina karibu kalori 80, theluthi ya siku yake. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120, nusu ya siku. Mbwa mdogo wa kilo 10 anahitaji karibu kalori 630. Chapati moja ya mafuta inaweza kufika 250. Wewe unaona umempa chapati moja tu. Yeye amekula zaidi ya theluthi ya mahitaji yake, na bakuli lake la jioni bado linamsubiri.

Hapo ndipo swali la makombo linapojibika. Makombo ya nyumba ya Dar ni nini? Ni ukoko wa wali uliopikwa kwa mafuta na nazi. Ni mchuzi uliobaki chini ya sufuria, pale ambapo mafuta yote yametulia. Ni ngozi ya kuku, mkia wa samaki wa kukaanga, andazi la jana, ugali uliobaki kwa sababu watu walikula nje. Vitu hivyo havikupimwa kwa mahitaji ya mnyama. Vilipimwa kwa kiasi ambacho binadamu walishindwa kumaliza, na siku za sherehe binadamu hushindwa kumaliza vingi.

Kisha kuna mikono. Katika nyumba yenye mbwa wa ulinzi, dada wa kazi humpa asubuhi mabaki ya usiku. Watoto wakirudi shule humrushia biskuti dirishani. Mlinzi wa usiku, ambaye ndiye rafiki yake wa kweli, hugawana naye chipsi. Baba akirudi na mfuko kutoka buchani, mifupa na vipande vya mafuta ni vya "simba" wake. Kila mmoja amempa kidogo, na kila mmoja anaapa kwamba mbwa huyu anakula mara moja tu kwa siku. Hakuna anayedanganya, hakuna tu anayejumlisha. Kwa maoni yangu tatizo lote limekaa hapo. Mbwa hana ufunguo wa jikoni. Paka huiba, sawa, lakini mwizi huwa hanenepi kwa kuiba peke yake.

Upande wa matumizi nao umebanwa. Mbwa wengi wa jijini hufungiwa bandani kutwa nzima, wakafunguliwa usiku ndani ya uzio, na wakishazunguka mara mbili hujilaza mbele ya geti. Kumtembeza mbwa mtaani si jambo jepesi hapa; majirani wanaogopa, wengine hawataki kabisa aguse nguo zao, na haki yao. Paka wa ghorofani Upanga au Kariakoo naye dunia yake ni sebule na kibaraza. Mlinganishe na paka wa soko la samaki la Feri, anayepata matumbo ya samaki bure lakini kwa kukimbia, kugombana na kuruka ndoo za maji. Chakula anacho. Utulivu ndio hana.

Mambo yanayosemwa, na ukweli wake

"Kuhasi ndiko kunakonenepesha." Nusu ni kweli. Mnyama akihasiwa, au jike akifungwa kizazi, mahitaji yake ya nguvu hushuka, mara nyingi kwa robo hivi, na wakati huohuo hamu ya kula hupanda. Ukiendelea kumpa bakuli lilelile, atanenepa bila shaka. Lakini upasuaji haukumwongezea gramu hata moja ya mafuta. Bakuli ndilo lililoongeza. Faida za kuhasi ni nyingi mno kuziacha kwa sababu hii. Punguza chakula kuanzia wiki ya upasuaji, umpime kila mwezi.

"Mbwa anajua mwenyewe kushiba." Baadhi ndiyo, wengi hapana. Na kuna ambao hata wakitaka hawawezi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba karibu robo ya mbwa aina ya Labrador wana hitilafu kwenye jeni moja inayohusika na kuupa ubongo taarifa ya shibe. Mbwa wa namna hiyo anapokutolea macho mezani haigizi. Njaa anayoisikia ni ya kweli, ila chakula anachokiomba hakihitaji.

"Mbwa wa ulinzi lazima awe mnene, atishe." Hili nalisikia sana, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mbwa wa kilo zilizozidi hukimbia hatua chache, hutweta, husimama. Mwizi anayejua kazi yake ataliona hilo kabla yako. Kinachotisha ni mbwa mwepesi mwenye sauti na misuli.

"Mafuta ni akiba, hayamdhuru." Kuna utafiti maarufu uliofanyika Marekani unaolijibu hili vizuri kuliko maneno yangu. Watafiti walichukua Labrador 48, wakawapanga wawili wawili kutoka uzao mmoja. Katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake, maisha yake yote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliokula pungufu waliishi kwa wastani wa kati miaka 13, wenzao miaka 11.2. Karibu miaka miwili ya ziada kwa mbwa, na maumivu ya viungo nayo yalichelewa kuwaanza. La kutia wasiwasi ni hili: wale waliokula zaidi hawakuwa vibonge wa kwenye video. Kwa ile alama ya 1 hadi 9 walikuwa chini kidogo ya 7, mbwa ambaye mtaani kwetu angesifiwa kuwa ana afya.

Mafuta hayakai tu kama mzigo wa kubebwa na magoti, ingawa magoti huumia kweli na kano za goti la mbwa mzito hukatika kirahisi. Tishu ya mafuta inatoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini na kuvuruga kazi ya insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu. Ndiyo maana paka mnene yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari, cha aina inayofanana na kile kinachowapata watu wazima wanene. Paka bonge pia hafiki mgongoni kujilamba. Ukiona manyoya ya kiunoni yamejisokota na kujaa mba, huenda si uvivu.

Na kwa Dar kuna joto. Mbwa hatoi jasho la maana. Hujipoza kwa kuhema ulimi nje, na kuhema hufanya kazi vibaya hewa ikiwa na unyevu mwingi kama wetu wa Desemba hadi Machi. Mpe mbwa huyo blanketi la mafuta chini ya ngozi na shingo iliyojaa inayobana njia ya hewa. Kama ni wa pua fupi, mchana wa Februari bandani, chini ya bati, unaweza kumuua.

Kupunguza bila kudhuru

Kosa la kwanza la watu wenye nia njema ni haraka. Kwa paka kosa hili linaua. Paka mnene akikaa bila kula siku mbili tatu, mwili humimina mafuta ya akiba kwenda kwenye ini kwa wingi ambao ini haliwezi kuuchakata. Ini hujaa mafuta na kushindwa kazi. Kwa hiyo ule ushauri wa "mfungie njaa, atazoea" usiuguse. Usimbadilishie chakula ghafla kwa mtindo wa ale au aache. Paka aliyepitisha saa 24 bila kutia kitu mdomoni apelekwe kwa daktari, hasa akiwa mnene.

Kasi salama kwa mbwa ni kupungua asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Kwa paka, nusu hadi asilimia 1. Yule mbwa wa kilo 30 anayetakiwa arudi 25 atapunguza gramu 300 hadi 600 kwa wiki, kazi ya miezi miwili hadi minne. Paka wa kilo 6 anayerudi 4 na nusu atahitaji nusu mwaka hadi mwaka mzima. Kupima si lazima uwe na vifaa: panda kwenye mizani na paka mikononi, kisha pima mwenyewe, utoe. Paka hupungua gramu chache mno kwa mizani ya bafuni, kwa hiyo tazama mwelekeo wa mwezi, si wa siku.

Kiasi cha chakula hukadiriwa kwa uzito unaotakiwa, si ule alionao. Mbwa wa mfano wetu angeanzia karibu kalori 780 kwa siku, paka karibu 170, kisha daktari hurekebisha kadiri mwili unavyoitikia. Kama unatumia chakula cha mfuko, kalori zimeandikwa kwenye mifuko mingi, na ni nyingi: punje kavu gramu 100 huwa na kama 350 hadi 400. Zipime kwa mizani ya jikoni. Kikombe kinadanganya, kikombe cha dada na kikombe cha mlinzi havilingani hata kikiwa kilekile. Na usimwachie paka bakuli limejaa kutwa kwa sababu anapenda kudonoa.

Kama unapika, usikate kila kitu kwa usawa. Punguza ugali na wali, acha dagaa, nyama isiyo na mafuta au firigisi vibaki, maana mnyama anayepungua anahitaji protini ili asipoteze misuli. Dagaa wa chumvi waoshwe. Mchuzi wa mafuta utoke kabisa. Nafasi iliyobaki kwenye bakuli la mbwa ijazwe kwa boga lililochemshwa, karoti au maharage machanga, ashibe kwa ujazo. Vitunguu na zabibu asipewe, ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka na kutoboa utumbo. Paka hawezi kugeuzwa mla mboga. Yeye ni mla nyama kwa maumbile, na mlo wa ugali mwingi wenye dagaa wawili juu haukumfaa tangu mwanzo. Mapishi ya nyumbani ya muda mrefu yakaguliwe na daktari wa mifugo, kwa sababu madini na vitamini hukosekana hata bakuli linapoonekana limejaa vizuri.

Kuhusu mikono mingi, dawa ni moja. Kila asubuhi mgawo wote wa siku uwekwe kwenye kopo lenye mfuniko. Anayetaka kumpa mnyama kitu, mtoto, bibi, mlinzi, achote humo. Kopo likiisha, siku imeisha. Vitamutamu visivuke asilimia 10 ya kalori za siku. Hii itazua ubishi nyumbani, na bibi ndiye atakayekuwa mgumu kuliko wote, lakini afadhali ubishi wa wiki ya kwanza.

Mazoezi yanasaidia, hasa kulinda misuli, lakini peke yake hayashindi bakuli. Mbwa atembezwe kabla jua halijachomoza au giza likishaingia, kwa kamba, taratibu kwanza. Mzito asilazimishwe kukimbia. Ukiweka mgongo wa mkono kwenye lami ukashindwa kuvumilia sekunde chache, nyayo zake nazo zitaungua. Ndani ya uzio, tawanya punje zake kwenye nyasi azitafute kwa pua. Kwa paka, toboa chupa ya maji ya nusu lita matundu machache, tia punje, aisukume mpaka zidondoke. Dakika chache za kukimbiza kamba, mara mbili tatu kwa siku, zinamtosha.

Dawa za binadamu za kupunguza uzito, za hospitali au za mitishamba, asipewe. Na kama umepunguza chakula kwa uaminifu, kopo linafuatwa, na baada ya wiki nne hadi sita mizani haijasogea, mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Kwa mbwa atataka kuchunguza tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, au homoni za tezi zilizo juu ya figo, na atauliza kama mnyama anatumia dawa za steroidi, zinazoongeza njaa. Nenda na orodha ya kila kitu alichokula kwa wiki nzima, pamoja na alivyopewa na watu wasiotaka kutajwa. Mara nyingi daktari hatahitaji kipimo cha damu. Ataisoma orodha, ataweka kidole kwenye mstari wa mlinzi, na mpango utaanzia hapo.